Hesabu Aliyoifanya Kabula

Sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ile ya ruksa, tena huku kwetu Usukumani, tunaijua ladha ya michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyokaa mfukoni tangu asubuhi. Simiyu haikuwa mkoa bado. Tulihesabiwa Shinyanga, na Bariadi palikuwa mahali pa kwenda mara moja kwa mwaka, pamba ikishauzwa. Shuleni tulikwenda na ufagio mkono huu, kidumu cha maji mkono ule, magoti yamepakwa mafuta mpaka yanang'aa. Mchana tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, na aliyepigwa alitoka bila ubishi. Wanangu leo wakipiga picha husubiri kwanza simu iwaambie kama wamependeza. Nawacheka, halafu kicheko kinanikauka, maana nami nilisubiri hivyo hivyo. Sisi hatukuwa na simu, tulikuwa na darasa.

Rafiki yangu aliitwa Kabula. Kwao na kwetu palitenganishwa na shamba moja la pamba. Baba yake alifuga, na yeye alishachunga tangu hajaota meno ya pili. Alikuwa akisimama mlangoni mwa zizi jioni, ng'ombe wakiingia kwa kusukumana na vumbi limetanda, akasema, "Baba, ndama mmoja hayupo," na kweli hayupo. Ndiye aliyenifundisha mdako, vitendawili, na kuchagua viazi vitamu vya kukausha. Nyumbani nilikuwa nikimfuata yeye kila mahali.

Kisha wanunuzi binafsi wa pamba wakaruhusiwa, na baba yangu akawa wakala wa mmoja wao. Kwetu kukaingia redio kubwa, na mimi nikanunuliwa gauni la mtumba mnadani Lalago pamoja na raba nyeupe. Nilikuwa mtoto pekee wa darasa la nne mwenye viatu. Ghafla walimu wakalijua jina langu. "Minza, futa ubao. Minza, soma." Nikasoma, wenzangu wakapiga makofi, na kila walipopiga makofi nikazidi kusoma vizuri.

Kabula alisoma mara moja tu. Alisema "kalatasi", kama walivyosema wazazi wetu wote, kama nilivyosema hata mimi nikiwa nyumbani. Darasa likaangua kicheko. Nilicheka nami, nadhani kwa sauti kuliko wote. Tangu siku hiyo akisimamishwa alitazama sakafu, na alichokijua vizuri tukiwa njiani kilimpotea. Wakaanza kumwita Gogo, kwamba kichwa chake ni mti mtupu. Sikuwahi kumwita hivyo, lakini sikumkataza aliyemwita.

Siku moja tulipewa jaribio la hesabu za mafumbo. Mfugaji ana ng'ombe ishirini na wanne, robo yao madume, theluthi ya waliobaki mitamba. Majike wakubwa ni wangapi? Nilisoma swali mara tatu nikatoka jasho. Kabula alikaa pembeni yangu. Nilimwona akichora miduara midogo kwenye karatasi, akiweka vijistari ndani yake, anafuta, anahamisha. Nikanakili yote, na miduara nikaichora, bila kujua ni ya nini.

Kesho yake mwalimu aliingia na karatasi mbili. Darasa zima lilikosa swali lile isipokuwa sisi wawili, na majibu yetu yalifanana mpaka michoro.

"Nani kamwangalizia mwenzake?" akauliza.

Kabla hatujafungua kinywa, darasa likajibu kwa pamoja, "Gogo!"

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alitazama gauni langu, akatazama miguu ya Kabula iliyopasuka, na jibu akaliona hapo hapo. Hata hivyo aliniuliza, nashukuru na najuta kwamba aliniuliza.

"Minza, sema wewe. Kakuangalizia?"

Nilihisi macho ya watoto wote yamenielekea. Walikuwa wananitazama Minza mwenye akili, nami sikutaka kuwanyang'anya Minza huyo. Kabula naye alinitazama. Hakukasirika, alikuwa anasubiri tu.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema.

Alichapwa mbele yetu. Na ile miduara, mtu yeyote wa Usukumani angeitazama kwa dakika moja angejua ni mazizi.

Jioni tulirudi kwa njia ile ile. Mimi ndiye niliyelia. Kabula alitoa michembe mfukoni akanigawia nusu.

"Nyamaza, nkoyi," aliniita hivyo siku zote, rafiki. "Hata ungesema kweli asingeamini."

Ningeweza kurudi shuleni jioni ile. Ningeweza hata kumwambia mama, aliyezoea kuuliza, "Mwenzio mbona siku hizi haji?" Nilimjibu kwamba Kabula ana kazi kwao. Darasani aliacha kuchora miduara. Akaanza kweli kuangalizia kwangu, na akinakili makosa yangu alinakili yote. Alipofika la sita akaacha shule, na mwaka uliofuata akaolewa Meatu.

Mimi nikawa mwalimu.

Miaka mingi baadaye tulikutana Mwandoya, msibani. Alikuwa jikoni na kina mama, akisonga ugali kwenye sufuria kubwa, mnene kidogo, mcheshi. Bila kuuliza idadi ya watu alitazama mikeka tu, akapima unga, na chakula kikatosha. Tulipokaa kando nikamweleza yote: kwamba jibu lile lilikuwa lake, kwamba mimi ndiye niliyeiba, kwamba kosa hilo nimelibeba hadi leo.

Alicheka, akanipiga begani.

"We mwalimu, acha hizo! Mimi na hesabu wapi na wapi? Wewe ndiye uliyekuwa na akili, kila mtu alijua."

"Kabula, uliichora wewe. Yale yalikuwa mazizi."

"Labda nilikuangalizia nikasahau." Akamgeukia binti yake aliyekuwa akimenya viazi karibu yetu. "Huyu naye hamna kitu shuleni. Kanirithi mimi."

Binti akainamisha kichwa akaendelea kumenya.

Sikumshinda. Nilibishana naye mpaka akaanza kunionea huruma.

Watu wa rika langu tukikutana Bariadi mjini husema enzi zetu watoto walipendana, walikula sahani moja. Ni kweli, tulikula. Siku hizi shuleni kwangu karibu kila mtoto ana viatu. Lakini bado nauliza swali, mtoto wa nyuma anasimama, na kabla hajatamka neno wenzake wameshaanza kucheka. Nawanyamazisha. Namwambia tutamsubiri. Ananitazama, anawatazama wao, halafu anasema hajui.