Simu ya Mkwe

Nilikuwa muuguzi wa upasuaji mdogo katika kliniki moja ya Kitale, na nilijijua kuwa hodari. Mikono yangu ilikuwa myepesi. Daktari aliyekuwa mkubwa wangu alikata tu, mengine yote akaniachia mimi: kuosha, kushona, kufunga bandeji na kumtuliza mtu anayelia kabla hata hajaguswa. Tulitoa majipu, vinundu vya mgongoni na kucha zilizozama nyamani. Wagonjwa waliingia asubuhi kwa miguu yao na mchana wakatoka kwa miguu yao.

Shida ilikuwa baada ya hapo. Ukimwambia mtu arudi siku ya tatu asafishwe kidonda, anaitikia kwa kichwa vizuri kabisa, kisha humwoni tena mpaka mahindi yavunwe. Anaporudi, kidonda kimeoza, naye anakuangalia kama wewe ndiye uliyekiozesha.

Basi miaka ile ya elfu mbili ilipokuwa inaelekea ukingoni, na simu za mkononi zimefika hata kwa wauza sukumawiki, nikapata wazo. Niliomba simu ya kliniki, nikafungua daftari. Kila mgonjwa akitoka naandika namba, halafu natuma ujumbe siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya saba. Ule wa siku ya tatu ndio niliupenda zaidi kwa sababu haukuzunguka: Kidonda kinauma zaidi? Kina joto? Kinatoa usaha? Asiye na salio alipaswa kuflash tu, nami ningempigia.

Na mpango ulifanya kazi, sitaki mtu aseme haukufanya. Mwalimu mmoja wa Misikhu alijibu kwamba mguu umevimba na unawaka moto. Tukamwita siku hiyo hiyo, na wiki iliyofuata alikuwa darasani. Daktari akaanza kunisifu mbele ya wageni. Nikawa natembea na daftari lile kwapani kama katibu wa chama.

Ndipo akaja mama mmoja wa makamo kutoka upande wa Naitiri, akiwa na kinundu kwenye titi la kushoto. Daktari alikitoa, akakipasua mbele yetu na kutuonyesha kwamba kilikuwa mafuta matupu. Mama akacheka kwa kupumua, maana alikuwa amekuja na hofu ya mambo makubwa zaidi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tutamwita kwa simu kama kuna la kufanya. Nikamwomba namba. Alifungua kona ya leso, akatoa kikaratasi.

"Hii ni ya bwana ya msichana yangu," alisema. "Anakaa ng'ambo ya mto. Hiyo ndio simu iko karibu."

Nikaandika. Sikuinua hata kichwa.

Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo, kwa sababu mimi si mgeni. Nimeolewa Bungoma. Najua kwamba kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono wala hawaketi meza moja. Wanasalimiana kwa mbali, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Mimi mwenyewe, baba mkwe akiingia sebuleni, natokea mlango wa jikoni hata kama chai yangu ndiyo kwanza imemiminwa. Yote hayo niliyajua. Lakini nikiwa na daftari mkononi nilijisahau, nikadhani namba ni namba.

Siku ya kwanza jibu lilikuja: "Yuko sawa sista." Siku ya tatu niliandika kila kitu waziwazi, titi, usaha na yote, na jibu likachelewa kidogo: "Yuko sawa. Mungu ni mwema." Siku ya saba nilimkumbusha aje siku ya kumi kutolewa nyuzi. "Yuko sawa kabisa." Nikatia alama tatu za wino wa kijani, nikafungua ukurasa mwingine.

Siku ya kumi hakuja. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa nateremka Bungoma kwa mume wangu. Nikaamua kupitia Naitiri nimtolee nyuzi huko huko. Nilitia mkasi, pamba na spiriti kwenye mkoba, na nikiri pia kwamba njia nzima nilikuwa natayarisha maneno ya kumgombeza.

Mkwe wake nilimpata kwenye posho mill yake, mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Nilipojitambulisha alizima mashine.

"Meseji zako nilipata zote, sista."

"Na ulimwuliza?"

Aliangalia viatu vyake. "Sasa mimi nitauriza mama mkwe mambo ya titi aje? Si hata wewe unajua."

"Mke wako je?"

"Ako Webuye kwa dada yake. Dada amezaa, yeye anamsaidia. Hii ni wiki ya pili."

"Basi ulijuaje mama yuko sawa?"

Akanyoosha mkono wenye unga kuelekea ng'ambo ya mto. "Kila asubuhi naangaria jikoni yake. Moshi ikitoka, najua mama ameamka. Ndio naandika."

Nilitaka kumpigia kelele. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kisha nikatazama ng'ambo, nikaona moshi unatoka kweli, mwembamba, juu ya paa la nyasi. Kijana wa watu alikuwa ameandika yote aliyoruhusiwa kuyaona. Hasira ikanigeukia mwenyewe.

Nilimpata mama ameketi karibu na meko, amejifunika blanketi, anatetemeka, na jua la saa sita liko nje. Titi lilikuwa limevimba na kukaza, jekundu mpaka kwapani, nyuzi zimezama ndani. Harufu niliisikia kabla sijafungua bandeji, nayo ilikuwa bandeji ile ile niliyoifunga mimi. Niliogopa. Usaha ukishaanza safari ya kuingia damuni haumsubiri mtu amalize wiki.

"Mama, kwa nini hukuja?"

"Si ulisema mutaniita na simu?" alinijibu polepole. "Nikangoja. Nikasema labda wamenisahau."

Hakuwa amepata hata ujumbe mmoja. Yale ya kumgombeza niliyaacha, nikatoka nje kutafuta usafiri.

Pikipiki ya karibu ilikuwa moja tu, ya mkwe. Nilipomwambia mama, alikataa katakata: yeye kupanda nyuma ya mume wa binti yake, amshike kiunoni watu wakiona? Afadhali afe. Na hakuwa anatania. Mkwe naye, aliyekuwa amenifuata kwa mbali, alikuwa amesimama nje kwenye ua, ametugeuzia mgongo, anasema, "Sista, hiyo haiwezekani. Atanishika aje?"

"Hatakushika wewe," nikasema. "Atanishika mimi."

Mimi ni mtu mnene. Mume wangu hunitania kwa unene huo tangu tuoane, lakini siku ile ulipata kazi. Nilikaa katikati, mkwe mbele, mama nyuma, na hakuna aliyeweza kumwona mwenzake hata angetaka. Tulipanda hivyo kuelekea Kitale. Kila tulipopita shimo nilisikia mama akivuta pumzi, na mbele sauti ikauliza, "Sista, mama anasikia aje?" Nikauliza nyuma. Nyuma ikajibu, "Mwambie aende polepole, lakini asisimame." Nikapeleka mbele.

Daktari alilipasua lile jipu, usaha ukajaa bakuli. Mama alitiwa maji ya mshipani na dawa. Baadaye daktari aliomba daftari, akaangalia zile alama zangu tatu za kijani, akalifunga na kunirudishia.

"Siku mbili zaidi," alisema, "na tungekuwa tunatafuta gari la kumrudisha kwao."

Sikuenda Bungoma wiki ile. Niliketi na daftari, nikapiga namba moja moja nikiuliza simu ni ya nani. Ilikuwa ya jirani, ya shemeji, ya mchungaji, ya kaka mkubwa wa mume. Kuanzia hapo kila mgonjwa nilimwuliza maswali mawili kabla ya kuandika chochote: simu ni ya nani, na ni kitu gani mwenye simu hawezi kukutamkia. Wengine walicheka. Karibu wote walikuwa na jibu. Mpango haukufa, na nilipoondoka Kitale ulikuwa ungali unaendelea.

Lakini huyo mama alilala kwetu siku tano. Mkwe alikuja kila siku na uji kwenye chupa ya chai, akaniachia mlangoni, akakaa chini ya ukingo wa paa mpaka nitoke nimwambie joto limeshuka. Siku ya tano nilimtoa mama wodini nikimshika mkono. Mkwe alikuwa kwenye korido. Alipotuona aligeuka mara moja, akaelekeza uso ukutani ili mama apite.

Tukafika usawa wake. Nikadhani tutapita tu.

"Mama," aliuambia ule ukuta, na sauti ilikuwa inamtoka vibaya. "Ni mimi nilisema uko sawa. Walikuwa wananiuriza. Mara tatu waliuriza, na mimi nikasema uko sawa."

Mama alisimama. Mkono wake ukakaza kwenye wangu. Hakumwangalia, aliangalia sakafu, kama inavyotakiwa.

"Ungesema nini ingine, mwanangu?" alisema. "Wale walikuuliza wewe ndio hawakufikiria."

Alisema hivyo akiwa bado ameushika mkono wangu.