Siku Nne Ndani ya Fulana ya Mgonjwa

Fulana zile zililetwa kwenye kibanda changu cha ushonaji pale Kasulu zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Zilikuwa kumi na mbili, za kijivu, laini kama nguo za kichanga. Aliyezileta alikuwa daktari kijana kutoka Dar es Salaam, amevaa viatu ambavyo matope yetu mekundu yalikuwa yameshaviharibu. Alitaka kujua kama ningeweza kuzipunguza.

Nilizigeuza ndani nje, kama fundi yeyote anavyofanya. Chini ya kifua na ubavuni kulikuwa na viraka vinavyong'aa. Kutoka kila kiraka ulitokea uzi mgumu kidogo, ukafuata mshono hadi kwenye vishikizo vinne vya chuma chini ya kwapa la kushoto. Daktari akanieleza kwamba uzi ule una madini ya fedha ndani yake. Viraka vinasikiliza moyo na pumzi, uzi unapeleka habari, na kisanduku kidogo kama kiberiti kinabanwa kwenye vishikizo ili kuzitunza. Yeye na wenzake walitaka kuona kama nguo inaweza kujua mgonjwa wa moyo anaelekea kuzidiwa kabla mwenyewe hajajua.

"Ukikata uzi huu, fundi, umeua nguo nzima," akasema.

"Basi nitakata upande wa kulia."

Shida ilikuwa kwamba fulana zilishonwa kwa vipimo vya watu wa mbali. Wagonjwa wetu walikuwa wamekonda kifuani na kupanuka mabegani kwa ajili ya jembe. Nguo ililegea hapa ikabana pale, na kiraka kisipogusa ngozi hakisikii kitu. Nilifumua mshono wa kulia, nikatia lastiki, nikazijaribu mwilini mwangu moja baada ya nyingine nyuma ya pazia la kibanda. Daktari alipoona kazi ile akanipa na nyingine. Nikawa naenda upande wa Munanila kila Jumanne na Ijumaa, kwa wagonjwa wanne, kubadilisha visanduku na kuangalia kama fulana zinafuliwa bila kukamuliwa. Visanduku nilivirudisha Kasulu visomwe kwenye kompyuta.

Huo ulikuwa mwaka 2013. Mume wangu alikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, tumehamishiwa huko kutoka Morogoro, na kwa miaka mitatu mimi nilikuwa mke wa mkufunzi na mshonaji wa sare za shule. Sasa nilipewa koti jeupe na daftari la ziara. Watu wa Munanila walianza kuniamkia kabla sijawaamkia. Nakiri nililipenda lile koti kuliko kazi yenyewe.

Mmoja wa wagonjwa wangu alikuwa mama wa mapacha. Alinizidi miaka miwili tu. Moyo wake ulikuwa umetanuka baada ya kujifungua, na ingawa watoto walikuwa wameshaanza kukimbia, yeye alikuwa bado akipanda kilima anasimama mara tatu. Mumewe alikwenda kwenye mashamba ya tumbaku upande wa Urambo na habari zake zilikuja kwa nadra. Aliishi na mama mkwe wake katika nyumba ya matofali ya kuchoma, katikati ya migomba.

Nilipofika mara ya kwanza nilijikakamua nikamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye." Akanijibu kwa Kiha kirefu kilichoniacha nimesimama mlangoni. Kisha akacheka.

"Umeanza vizuri, fundi. Ila umeishia hapo."

Tangu siku ile tulielewana. Aliniuliza bei za vitambaa, nami nikamuuliza namna ya kupika isombe, kisamvu chao, kama wanavyoipika wao. Aliivaa fulana yake kwa uaminifu kwa miezi. Alisema inamkumbatia.

Sharti lilikuwa moja: fulana ivaliwe mchana na usiku, isipokuwa wakati wa kuoga. Atakayekaa siku tatu mfululizo bila kuivaa atatolewa kwenye majaribio. Daktari alisema waziwazi kwamba atakayetolewa hatapoteza dawa zake. Alilisema mara mbili, mbele yangu. Wagonjwa waliitikia kwa vichwa, na hakuna hata mmoja aliyemwamini.

Januari ya 2014 shule zilipokaribia kufunguliwa, sare zilinizidi. Ijumaa moja sikwenda Munanila. Nilijiambia kwamba ziara moja haiharibu kitu, nikaandika kwenye daftari kwamba nimekwenda na kwamba wote wanne wako salama.

Jumanne iliyofuata nilimkuta mama wa mapacha ameketi kwenye mkeka uani, anapukuchua maharage. Kifua chake kilikuwa wazi pale juu ya kitenge, hakuna fulana.

"Dada, nguo iko wapi?"

"Msumarini." Hakuinua kichwa. "Jasho likiingia inawasha. Na sasa ni mavuno. Halafu wanawake wa huko chini wanasema inanyonya damu taratibu."

"Umeivua tangu lini?"

"Alhamisi. Nilikungoja Ijumaa nikuambie, hukuja."

Nilimwomba aivae hapohapo. Akasema ataivaa wakimaliza maharage, mwisho wa wiki. Kisha akaacha kupukuchua, akanitazama.

"Usimwambie daktari, fundi. Watanikatia dawa."

Nilijua hawatamkatia. Ningeweza kumwambia, "Dada, dawa zako ziko palepale, ngoja nimwambie aje akuone." Lakini daktari angeniuliza, "Ijumaa ulipokwenda uliona nini?" na daftari langu lingejibu uongo. Kwa hiyo nilimwacha na hofu yake kwa sababu ilinifaa.

"Sitamwambia," nikasema.

Alinishukuru sana. Akanifungia maharage mabichi kwenye jani la mgomba. Aliposimama kunisindikiza niliona mkanda wa kandambili umeacha alama nzito kwenye mguu wake, kama kamba kwenye unga uliokandwa. Niliiona. Nikajiambia ni kwa kukaa chini muda mrefu.

Niliondoka na fulana, nikimwambia nakwenda kulegeza lastiki. Kisanduku cha zamani ningeweza kusema kimeingia maji, maana vingine viwili vilikwisha kuharibika hivyo. Lakini kipya kilihitaji moyo. Nilipofika nyumbani nikaivaa mimi, nikabana kisanduku, nikafunga vifungo vya gauni juu yake.

Niliivaa siku nne. Nilipika nayo, nikalala nayo, nikaenda nayo sokoni. Mume wangu aliiona, akauliza. Nikamwambia naijaribu. Kwa siku ya kwanza nilikuwa na wasiwasi, nikadhani kile kisanduku kitausikia wasiwasi wenyewe. Siku ya pili niliisahau.

Ijumaa nilikusanya visanduku kwa wale watatu, kwake sikupita. Jumamosi nilimpelekea daktari visanduku vyangu vinne. Aliviunganisha na kompyuta kimoja kimoja, na alipofika kwa mama wa mapacha akageuza kioo upande wangu.

"Tazama, fundi. Mapigo yametulia. Na hapa asubuhi, ona, anatembea saa nzima kwa mwendo mmoja, hapumziki hata kidogo."

Niliitazama ile mistari. Yale hayakuwa matembezi. Ilikuwa miguu yangu juu ya pedali ya cherehani, nikishona sketi za bluu za wanafunzi.

"Nilikuwa nimempangia aje Jumatatu nimpime," daktari akaendelea, huku akishika kalamu. "Naona hana haja. Nafasi yake tumpe yule mzee wa Buhigwe. Mama huyu aje mwezi ujao."

Alinitazama, kana kwamba ananiuliza mimi niliyemwona kwa macho.

"Sawa, daktari," nikasema.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi kuliko ile siku ya kuivaa fulana. Kuivaa nilianza nikiwa nimebanwa, kichwa kimejaa sare na daftari. Lakini pale nilikuwa nimeketi kwenye kiti, sina haraka, na nilikuwa nimeshauona ule mguu.

Jumanne mvua ilikata barabara, hakuna pikipiki iliyokubali kwenda. Ijumaa nilifika na fulana kwenye begi, lastiki imelegezwa kweli. Mama mkwe ndiye aliyekuwa uani, mapacha wamemshika kitenge, mmoja kila upande.

"Wamemtwara," alisema, akachanganya Kiha na Kiswahili chake kidogo. "Juzi. Kabanga. Pumzi ilikataa."

Walimpakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na shemeji yake, wakamfunga kwa kitenge asianguke. Bibi alinieleza haya kwa utulivu, kisha akaniuliza kama ile nguo ninayoibeba ingemsaidia nikimpelekea.

Nilikwenda hospitali ya Kabanga siku hiyohiyo. Nilimkuta ameketi wima kitandani, mgongo umeegemezwa kwenye mablanketi yaliyokunjwa, kwa sababu akilala anazama. Miguu yake ilikuwa ya mtu mwingine. Aliponiona akatoa mkono chini ya shuka.

"Fundi," akasema, akavuta pumzi. "Nimekuponza." Akavuta tena. "Ningeivaa, wangeniona."

"Usiseme sasa, dada. Pumzika."

Nilimshika mkono. Muuguzi aliyekuwa akipita alinisifu kwa kuja. Niliketi pale hadi walipotufukuza wageni, na katika muda wote ule yeye alikuwa ananiomba radhi mimi.

Hakufa. Baada ya wiki kadhaa alirudi nyumbani, amekonda, na tangu hapo hakushika jembe tena. Mama mkwe, mwenye umri wa kupumzika, akarudi shambani.

Daktari alilichukulia tukio lile kwa uzito. Alikaa na rekodi ya zile siku nne, akaikuza, akaipunguza, akaita mwenzake mgeni waitazame pamoja.

"Siku chache kabla ya kuzidiwa, moyo mzima kabisa," alisema mwishowe. "Basi nguo hii haioni kitu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao na koti langu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikaenda kuwachemshia chai.

Nilinyamaza hivyo kwa karibu mwaka mzima. Niliendelea kwenda Munanila mara mbili kwa wiki, sasa bila kukosa hata siku moja, na kila niendapo nilimbebea mama wa mapacha kitu: sukari, sabuni, mafuta ya taa. Alisema nina roho nzuri. Nilizoea hata hilo.

Majaribio yalipokwisha daktari alikuja kibandani kuniaga. Alisema katika taarifa yake ataandika kwamba fulana zilimkosa mgonjwa mmoja, tena yule aliyekuwa hatarini kuliko wote, na kwamba hilo limemvunja moyo. Nilikuwa napiga pasi. Nikaweka pasi pembeni.

"Daktari, hazikumkosa. Alikuwa hajaivaa. Nilivaa mimi."

Hakuelewa mara moja. Nikarudia polepole, nikaongeza na ile Ijumaa. Uso wake haukukasirika. Ulichoka tu.

"Siku ngapi?"

"Nne."

"Na wale watatu wengine?"

"Wale walivaa wenyewe. Siku zote."

"Nitajuaje?"

Rekodi zote za Munanila ziliwekwa kando, za wote wanne. Mmoja wao alikuwa mzee aliyeivaa fulana yake hata siku ya kumzika mwanawe, akaona fahari kuniambia kwamba hakuivua. Yeye hakuambiwa kwamba haikuhesabiwa. Nilimwomba daktari anisamehe. Akasema, "Mimi si wa kuombwa hapa, dada." Alikuwa hajawahi kuniita dada.

Ilinichukua miezi mingine kwenda kumwambia mama wa mapacha mwenyewe. Ilikuwa 2015, wakati njia za upande ule zimejaa Warundi waliovuka mpaka na vifurushi vyao kichwani, na kila nyumba ya Munanila ilikuwa na mgeni wa kumpa maji. Nyumbani kwake kulikuwa na mwanamke mmoja na watoto, wamepumzika chini ya ukingo wa paa. Nilimwomba tuongee ndani.

Nilimwambia yote, kuanzia dawa ambazo zisingekatwa. Alisikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Kwa hiyo nilikuwa niitwe Jumatatu ile," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Nje watoto wa yule mgeni walikuwa wanacheka na mapacha, lugha zao zinaelewana bila shida.

"Nilikuwa namwambia mama kila siku kwamba nimejiua mwenyewe kwa ukaidi," akasema. "Mwaka na nusu nimesema hivyo."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza, na nashukuru hakunibembeleza. Alingoja nimalize, kisha akanyoosha mkono kwenye kapu nililokuja nalo, akatoa ile miche ya sabuni, akaiweka mbele yangu.

"Hii nenda nayo. Usilete tena."

"Nije tu, bila kitu?"

Alifikiri. "Sijui," akasema. "Siwezi kukuambia leo."

Mwishoni mwa mwaka ule mume wangu alihamishwa. Kabla hatujaondoka nilikwenda mara moja zaidi, mikono mitupu. Hakuwepo, alikuwa amekwenda kliniki. Bibi alinikaribisha kama kawaida, akanipa kigoda, akaniuliza mbona siku hizi nimepotea. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama wa mapacha hakumwambia. Nilikaa naye kidogo, nikamsaidia kuanua mihogo kwa sababu wingu lilikuwa limefunga, nikamwachia salamu. Sijui kama zilifika, na kama zilifika sijui alisema nini.