Fundi wa Bado

Miaka ile vita ilipokuwa ikizunguka vilima vya Masisi, nilikuwa nabeba madini ya koltani mgongoni, kutoka mashimoni hadi barabarani Rubaya. Siku moja mama mmoja aliniuzia mandazi ndani ya ukurasa wa gazeti la Kifaransa. Nilipomaliza kula nikausoma. Ulieleza maisha ya tajiri mmoja wa Amerika, marehemu, aliyejulikana dunia nzima kwa kompyuta na simu zake.

Niliupeleka kwa fundi wa simu, mzee mmoja wa kutoka Butembo, mwenye kibanda kando ya mama huyo. Tulimwita Papa Bado. Simu ilikuwa inalia, inaongea, mwenyewe amekuja kuichukua, naye anasema, "Bado."

"Soma," aliniambia. "Si wewe ulifika sekondari?"

Nikamsomea. Yule tajiri alifukuzwa kwenye kampuni aliyoianzisha mwenyewe, kisha akarudi. Alitaka hata ndani ya mashine, mahali mnunuzi haoni, pawe safi.

"Mumeona?" Papa Bado alimpigia kelele mama wa mandazi. "Na mimi munaniita mupumbavu!"

"Lakini Papa," nilisema nikirudi kwenye ukurasa, "wanasema alikuwa anatukana watu wake wa kazi."

Alifikiri kidogo. "Ile tutamuachia yeye mwenyewe."

Akaupigilia ukurasa ukutani na mafuta yake yote.

Wiki haikupita, nikateleza kijitoni nikiwa na mzigo. Simu yangu ilifunguka. Laini ikaenda na maji. Dada yangu alikuwa amekimbia vita hadi Itebero, ndani ya msitu, na kule alinunua laini mpya. Namba yake niliihifadhi ndani ya simu ile tu. Kila Jumapili baada ya misa alipanda mlimani kutafuta rezo, yaani mtandao wa simu, ili nimpigie. Sasa hakuwa na njia ya kunipata, wala mimi yeye.

Nikampelekea Papa Bado ile simu, akaifungua Alhamisi. Alisugua kila kona kwa mswaki uliolowa pombe kali. Akanionyesha kipande kidogo kuliko punje ya mtama, kilichotengenezwa kwa koltani. "Mugongo yako njo hii. Yote unabeba, inaishia hapa."

Ijumaa kioo kiliwaka mara moja, kikazima. Siku hiyohiyo milio ya risasi ikasikika ng'ambo ya kilima, watu wakaanza kushuka kuelekea Sake na magodoro kichwani.

"Papa, inawaka! Unipatie niende."

"Bado. Maji iko ndani. Ukiiwasha sasa, itaungua na namba ya dada yako."

"Risasi ikifika hapa," mama wa mandazi alisema huku akifunga karai lake, "utaiambia pia bado?"

Nilimwomba Papa Bado, nikamkasirikia, hata nikamtukana. Alikwisha kutia vyombo vyake vyote ndani ya gunia, isipokuwa mswaki na simu yangu. Basi nikakaa. Sikuwa na pengine pa kwenda bila namba ile.

Risasi zilinyamaza Jumamosi. Jumapili, kengele ya kumaliza misa ilipolia, aliiwasha. Neno "Dada" likaonekana, na namba chini yake. Kwanza aliiandika pembeni mwa ukurasa wa tajiri, kisha akatia laini yake mwenyewe na kunipa.

"Nani?" sauti iliuliza, upepo wa mlimani ukivuma nyuma yake.

"Njo mimi, dada."

Akapasuka: "Shetani wewe! Nilishaanza kukulilia kilio! Unakula?"

"Ninakula."

"Uongo! Unakula mandazi!"

Nimehama mara nyingi tangu hapo, na mafundi wengi wamenirudishia simu wakisema imepona. Siku ile Papa Bado alikuwa amesimama kando yangu, macho yamemlowa, akisikiliza kila neno. Nilipomaliza kumwaga machozi yangu alinyoosha mkono.

"Leta," alisema. "Sauti inakwaruza. Bado."