Airisi za Kaburi la Bibi

Harufu ya uozo ndiyo inayonirudishia msimu ule wa mvua, tuliporejea Juba na mifupa ya Bibi. Alikuwa amefia uhamishoni, kwenye milima ya Kabale, Uganda, na Baba, mwanawe, aliona haya kumwacha ugenini. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, alisema. Tukamzika uani, karibu na jiko, kama wafanyavyo watu wetu. Mama akaja na airisi zilizokuwa kwenye kaburi la kule, maua ya zambarau yenye majani mfano wa sime, akazipanda juu yake. Shangazi alituonya mapema kwamba maua yakifa, basi Bibi amekataa kurudi. Tukazimwagia mapenzi yote tuliyokuwa nayo: ndoo asubuhi, ndoo jioni, na mvua juu yake, katika udongo mweusi unaonata kama ugali.

Siku moja nilitoka shule, harufu ikanipokea langoni. Ilitoka kaburini. Majani yalikuwa yamelala, ya manjano. Nilimwogopa Bibi yangu, na sikujua kama mtu anaweza kumwogopa ampendaye. Baba alikwisha kushika sepetu.

"Kalas, basi, ndugu yangu," Shangazi alimwambia. "Mama yetu nakataa hii mahali. Sisi narudisha yeye Uganda."

Baba hakubisha, na hilo lilinishtua kuliko harufu yenyewe. Alipoinua sepetu, Mama alipiga magoti, akatia mikono topeni na kung'oa airisi moja. Kiazi chake kiliminyika vidoleni, kikachuruzika maji meusi. Akamsogezea Baba puani.

"Nusa, Baba Keji. Hii ni maua, si mama yako. Sisi naua yeye na maji."

Baba alinusa. Kisha akaketi chini, akalia mbele yetu sote.

Mama alizipata nyingine Nesitu, nje ya mji, kando ya barabara: airisi nyeupe za porini, zimejiotea kwenye mawe, zinachanua asubuhi na kusinyaa jioni. Aliinua tuta kwa changarawe, akazipanda, akatukataza ndoo. Zipo hadi leo. Mama naye amelala kando ya Bibi tangu mwaka jana, na hadi kufa hakuacha kuyapenda yale ya zambarau. Juzi niliyaona yakiuzwa mtaani Hai Amarat, yamejaa matumba, mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaviona tena vidole vyake na yale maji meusi. Nikaurudisha mkono, nikaenda Nesitu kumchimbia zile nyeupe.