Mguu wa Mama na Mtungi wa Oksijeni

Stashahada yangu sikupewa kwa huruma. Nilibeba magunia ya mpunga kwenye mashine ya Rujewa hadi nikapata nauli ya kwenda kusoma, na katikati ya miaka ya sabini nilirudi kutoka ng'ambo nikiwa tabibu, nikapangiwa hospitali moja Mbeya. Kijijini kwetu hakuna aliyefika huko kabla yangu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Masika ya mwaka huohuo mama yangu aliletwa kwa lori kutoka Usangu, ana nimonia. Alikuwa pia na jeraha la mwiba kwenye muundi, lililokuwa limeanza kupona. Kifua kilipobana, jeraha nalo likaamka: mguu ukavimba, ngozi ikang'aa na kuwaka moto. Sindano za penisilini zilikuwa zimeshaanza, lakini mguu uligoma kupoa.

Shangazi zangu wawili, mmoja ametoka Iringa kwa basi, waliamua kwamba ugonjwa uko mguuni, arudishwe nyumbani akakandwe dawa. Mimi niliangalia kucha zake. Zilikuwa za zambarau. Damu ilikosa oksijeni. Nikawaeleza kwamba mwili uliokosa hewa haupigani kwa akili. Askari wake hukasirika na kuchoma hata pale palipokuwa pametulia. Mguu ulikuwa moshi tu, moto ulikuwa kifuani. Daktari wa zamu alicheka, akaniuliza muundi na pafu vinajuana wapi. Nikamjibu kwamba vinakunywa damu moja.

Nikaagiza mtungi wa oksijeni. Wodi nzima iliuogopa, maana kila aliyewekewa alitoka amefunikwa shuka. Sababu niliijua: uliletwa wakati mgonjwa ameshakata kauli. Mtungi ulisingiziwa uchelewaji wetu.

"Mwanangu," shangazi mkubwa akasema, "umesoma hadi unamzika mama yako huku anakuona?"

Nikavuta kiti, nikajivika barakoa, nikafungua koki, nikakaa mbele yao nimekunja nne, napumua taratibu. Mwanamke aliyekuwa akimuuguza dada yake kitanda cha jirani alisogeza mkeka wake mbali. Shangazi mdogo akasema tungoje, tutaona. Tukangoja. Kisha nikavua barakoa, nikawaamkia shikamoo upya, kama mtu aliyetoka safari.

Mama ndiye aliyecheka, kicheko cha kukatikakatika.

"Niwekee, baba," alisema. "Nikifa, waseme nimeuawa na mwanangu, wasiusingizie mtungi."

Nilimwekea. Kabla ya jioni kucha zilikuwa zimerudia rangi yake. Mguu ulichukua siku kadhaa, lakini uvimbe ulishuka, ngozi ikaanza kukunjamana. Daktari alisema ni penisilini. Na iwe. Najua nilichokiona, na stashahada yangu haikuandikwa kwa penseli.

Siku ya kuruhusiwa, shangazi walitaka abebwe hadi kwenye lori. Nilikataa. Nilimtembeza katikati ya wodi kwa miguu yake mwenyewe, polepole, kitanda hadi kitanda, kila mtu amwone. Shangazi mkubwa alitufuata nyuma na kapu.

Tulipokaribia mlango, yule mwanamke wa mkeka aliniita. Dada yake alikuwa akihema kwa mabega, midomo imeanza kubadilika. Aliniuliza kama mtungi una mtu.