Alimpa Daktari wa Mumewe Alama Mbili

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, mwanamke mmoja anaingia chumba namba sita cha kliniki ya magonjwa ya akili, kabla ya daktari na kabla ya mgonjwa. Anavuta kiti cha plastiki hadi kona iliyo nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuna atakayemwona bila kugeuza shingo. Anaweka ubao wa kuandikia mapajani, anabana fomu juu yake, anafuta saa ya kupimia sekunde kwa ncha ya mtandio. Kisha ananyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yake.

Mgonjwa wa kwanza, mzee mwenye kofia ya sufu, anamjua.

"Mama Dakika! Leo unanihesabu tena?"

"Nahesabu maneno tu, mzee wangu."

"Basi nikimshinda daktari kwa maneno, nataka kombe."

Daktari anacheka. Mama Dakika hacheki. Anabonyeza saa, maana hata kicheko cha daktari kina mstari wake kwenye fomu.

Mistari iko ishirini na miwili. Nani amesema, kwa muda gani. Nani amemkatiza mwenzake. Mgonjwa akinyamaza, daktari amengoja sekunde ngapi kabla ya kusema. Halafu zinakuja alama, moja hadi tano: alisikiliza? alieleza dawa? alimpa mgonjwa nafasi?

"Watu wanadhani ugonjwa wa akili unatibiwa kwa vidonge peke yake," anasema Mama Dakika, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu. "Vidonge mgonjwa atavitema, kama hakuna aliyemwambia ni vya nini na akasikiliza anachojibu."

Alikuwa karani wa masjala katika hospitali hiyo hiyo. Alipojifunza upimaji, mafunzo ya wiki sita, wenzake walimcheka kwamba anakwenda kulipwa kwa kusikiliza umbea. Miaka mitatu baadaye amepima mazungumzo mia sita na kumi na manne. Katika mengi ya hayo, anasema, daktari anakula dakika saba katika kila kumi, na mgonjwa anaambulia makombo.

Lakini alikuwepo daktari mmoja, binti wa miaka thelathini hivi, ambaye fomu zake zilikuwa tofauti. Huyo alingoja.

Ndiyo maana mumewe alipougua, Mama Dakika hakuuliza jirani wala shemeji. Alimpeleka kwa binti huyo.

"Nilimchagua mwenyewe, kwa fomu zangu mwenyewe," anasema, na sauti yake inakwaruza. "Usinionee huruma. Nilijitafutia."

Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma, wa mageti na madirisha. Miaka miwili iliyopita usingizi ulimhama. Baadaye, akiwa uani, akaanza kumjibu mtu ambaye hayupo. Siku moja aliacha geti nusu, akatoka miguu mitupu, akaenda kukutwa mbali, barabara kuu, nyayo zinavuja damu.

Matibabu yalimtuliza. Nyumbani, hata hivyo, maneno yake yalibaki matatu: "Maji." "Bado." "Sawa."

Kazi ya upimaji ina mwiko mmoja. Mpimaji hampimi ndugu yake. Chumbani ni rahisi, unatoka tu. Kwa mazungumzo yaliyorekodiwa ni vigumu kidogo, kwa sababu rekodi huja na namba, haina jina. Ukiitambua sauti, unavua hedfoni, unaandika "namfahamu", unairudisha.

Jumatano moja Mama Dakika alivaa hedfoni, akafungua rekodi iliyokuwa juu ya orodha.

"Alikohoa tu," anasema. "Kile kikohozi nimekisikia miaka kumi na minne. Mkono ukaenda kuzima. Ukafika pale, ukakaa."

Rekodi ilikuwa ya dakika ishirini na sita. Mumewe alizungumza dakika kumi na tisa kati ya hizo.

Alimweleza daktari kwamba sauti inayomsumbua ni ya marehemu baba yake. Inamwambia kila anachokiunga kitaachia, na geti litamwangukia mtoto wa watu. Ndiyo maana aliliacha lile geti.

"Tumelala kitanda kimoja miaka yote hiyo. Najua upande anaolalia, najua jino linalomuuma. Hilo sikulijua," anasema Mama Dakika.

Hata hivyo hilo silo lililomchoma zaidi. Katika dakika ya ishirini, mumewe alicheka.

"Kicheko cha zamani, cha wakati wa uchumba! Nikajiona kama mtu anayechungulia nyumba yake mwenyewe dirishani. Ndani kuna karamu, yeye hakualikwa. Nikasema, kumbe nimeletewa mke mwenza, tena mwenye koti jeupe."

Akachukua kalamu. Alisikiliza? Mbili. Alieleza dawa? Mbili. Alimpa mgonjwa nafasi? Mbili. Karatasi ilitoboka.

Alichokisahau, au alichokataa kukikumbuka, ni kwamba binti yule alikuwa katika mkataba wa muda. Alama hizo zingepelekwa kwa wakubwa. Daktari akiondolewa, mumewe angempoteza mtu pekee aliyekuwa akizungumza naye.

Kila rekodi ya tano husikilizwa pia na mpimaji wa pili, ambaye haoni fomu ya mwenzake. Ijumaa hukaa wakalinganisha. Mpimaji wa pili ni mwalimu mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kila mtu humwita Mwalimu. Kwa kawaida hupishana alama moja. Siku ile Mwalimu alikuwa ametoa tano, tano, tano.

"Mama, tumesikiliza rekodi moja kweli?" aliuliza.

"Moja."

"Maana yangu ina daktari. Yako ina mwizi."

"Kila mtu na masikio yake, Mwalimu."

"Sawa. Lakini sekunde hizi umeziandika wewe. Mgonjwa amenyamaza, daktari amengoja sekunde kumi na nne. Mtu wa kungoja hivyo unampaje mbili kwa kusikiliza?"

Hapo alinaswa. Alama alizipinda, ila saa hakuweza kuidanganya. Mkono uliozoea ukweli ulikuwa umeandika sekunde zote kama zilivyo.

"Nani huyo kwenye rekodi?" Mwalimu akauliza, taratibu.

"Mume wangu."

Mwalimu alivua miwani. "Mganga hajigangi, binti yangu. Ulijua."

"Nilijua."

"Sasa utaandika wewe, au niandike mimi?"

"Nitaandika mwenyewe."

Aliandika. Akasimamishwa wiki sita, na fomu zote arobaini na moja za rekodi alizowahi kumjazia daktari yule zikapimwa upya na wapimaji wengine. Ni moja tu iliyobadilika. Mkataba wa daktari ukaongezwa.

Alikwenda kumwomba radhi, moyo ukiwa bado unafuka moshi. Daktari alisoma fomu ile.

"Mbili hata kwa kueleza dawa?"

"Hata hapo."

"Hapo ningekubali nne. Saa ya kumeza nilimtajia vibaya, nikarekebisha mwishoni." Kisha akakunja karatasi. "Nilikuwa nafukuzwa kazi, mama. Hilo sitalicheka leo."

Kilichobaki kilikuwa kizito kuliko vyote. Mumewe alikuwa uani akipiga msasa fremu ya dirisha. Kuchomelea alikuwa hajarudia. Akamwambia.

"Nimesikiliza rekodi yako. Ile ya baba."

Msasa ukasimama. "Yote?"

"Yote. Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nikianza neno, wewe unalimaliza," alisema. "Daktari haujui mwisho wake. Ndiyo maana anangoja."

Siku tatu mumewe hakukaa naye mezani. Fundi mwenyewe halifichi hilo, na ndiye aliyeruhusu habari hii iandikwe.

"Baba ni wangu, na hiyo sauti ni yangu," anasema. "Ningetaka ajue, ningemwambia. Ila alikuja kusema mwenyewe, hakuburutwa. Hilo nimelipima na mimi."

Mama Dakika amerudishwa kazini, lakini vyumbani tu, rekodi hapewi. Ameomba fomu iongezwe mstari wa ishirini na tatu, wa kumpima jamaa anayemsindikiza mgonjwa.

"Mke, mama, kaka. Daktari anamuuliza mgonjwa umelalaje, sisi tunadakia, hajalala huyu! Tunawaonea madaktari bure. Wakatizaji wakubwa ni sisi."

Msimamizi wake amesema mstari huo utajaribiwa mwezi ujao. Ila yeye kuna mstari wa nyumbani unaomsumbua. Jumanne mumewe ana zamu ya kumwona daktari, na safari hii amemwambia waingie wote wawili, kwa sharti kwamba asijibu swali lisilo lake.

"Wivu upo, siongopi," anasema, akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa uani, hatua chache kutoka kwa mumewe. "Yule binti namheshimu, na bado nikimwona napita upande wa pili. Mimi sitaki mengi. Nataka jambo moja ambalo yeye hajalisikia. Moja tu, liwe langu."

Fundi hainui kichwa. Anapuliza vumbi la chuma kwenye fremu, anaipitishia kidole.

"Lipo," anasema. "Ngoja."

Mama Dakika anafungua mdomo. Kisha anaufunga, anaweka mikono magotini, na anangoja.