Somo la Pamba Safi Ngulyati

Mimi ni afisa ugani, na tangu wiki iliyopita sipiti Ngulyati bila helmeti, hata nikiwa kwa miguu.

Nilitoka Bariadi asubuhi kwenda kuwafundisha wakulima usafi wa pamba. Kabla sijafika, pikipiki ikapata pancha. Fundi mmoja wa kando ya barabara akaanza kuziba, nami nikaomba kivuli kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akichambua pamba barazani kwake.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza. Akafurahi, akaniletea kigoda na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Alipoaga kwamba anawahi mkutano wa wakulima, huo huo wangu, nilikitazama kigoda, nikalitazama fungu lake la pamba nyeupe juu ya turubai. Nikajitupa humo na michembe yangu, nikalala hadi fundi aliponiamsha.

Mkutanoni nilikuwa moto. Nikawaeleza kwamba pamba haitaki vumbi, makombo wala jasho la mtu, na kwamba ikichafuka tu inaitwa fifi. Kila nilipogeuka kuandika ubaoni watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Nikajisemea, leo nimewapata. Nikawa nageuka hata nisipokuwa na la kuandika.

Mwisho nikauliza kama kuna mwenye swali. Yule mama akasimama taratibu.

"Baba, mgongoni umebeba pamba yangu na kipande cha mchembe. Sasa ile iliyobaki nyumbani, uliyoilalia, niiweke fungu gani, safi au fifi?"